Phases and Stages ya Willie Nelson: ndoa moja, pande mbili za santuri

Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo kabla hujaigusa albamu hii. Anayeisikia vipande vipande hubaki na nyimbo nne au tano nzuri, pamoja na vijipande vya sekunde chache visivyo na kichwa wala miguu. Anayeisikia kwa mpangilio wake hupata kisa kizima cha ndoa inayovunjika, kikisimuliwa kwanza na mke anayeondoka, halafu na mume aliyeamka akakuta kitanda kitupu. Muziki ni uleule, lakini wasikilizaji hawa wawili hawatakuwa wamesikia kitu kimoja.

Phases and Stages ilitoka mwaka 1974 chini ya lebo ya Atlantic. Mtayarishaji alikuwa Jerry Wexler, na kazi ya kurekodi ilifanyika Muscle Shoals Sound Studio, mjini Sheffield, jimbo la Alabama. Yote haifiki dakika 40. Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikuwa na miaka arobaini na ushee. Ndoa zake mbili za kwanza zilikuwa zimeshavunjika, alikuwa amesharudi kwao Texas baada ya miaka mingi ya kuhangaika Nashville, makao ya biashara ya kantri, na sifa yake kubwa ilikuwa bado ya mtunzi kuliko ya mwimbaji. Wimbo "Crazy" alioutunga ulikuwa umempa Patsy Cline jina kubwa mwaka 1961, ilhali rekodi za Nelson mwenyewe, zilizosongwa na makundi ya fidla na kwaya za mtindo wa Nashville, zilikuwa zikipita bila kishindo.

Mahali iliporekodiwa panaeleza mengi kuhusu sauti yake. Wapigaji wanne walioifungua studio hiyo mwaka 1969, Roger Hawkins kwenye ngoma, David Hood kwenye besi, Barry Beckett kwenye kinanda na Jimmy Johnson kwenye gitaa, walikuwa watu wa soul, muziki wa Wamarekani weusi. Ndio waliokuwa nyuma ya Aretha Franklin na Wilson Pickett. Wexler aliwafahamu kutokana na kazi hizo, na wazo la kumpeleka kwao mwimbaji wa kantri halikumpendeza kila mtu. Kwa masikio ya wakati ule, Muscle Shoals ilikuwa nchi ya watu wengine. Ukiisikia besi ya Hood kwenye "Walkin'" utaelewa kwa nini Wexler alishikilia msimamo wake. Haichezi kile kiitikio cha noti mbili kilichozoeleka kwenye kantri, moja chini moja juu kama miguu ya askari. Inatembea, inasita, inaacha nafasi, na sauti ya Nelson inapata mahali pa kupita.

Juu ya msingi huo wakaongezwa watu wa kantri yenyewe. John Hughey alipiga gitaa la stili, lile linalosimama kwa miguu yake lenyewe kama meza na kuchezwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku mpigaji akikanyaga pedali za kupandisha na kushusha noti. Johnny Gimble alipiga fidla. Nelson mwenyewe alikuwa na Trigger, gitaa lake la Martin N-20 la nyuzi za nailoni, alilolipata mwaka 1969. Gitaa la namna hiyo limetengenezwa kupigwa kwa vidole, halina bamba la kukinga ubao, na yeye hulipiga kwa kile kijibamba kigumu cha kukwaruzia nyuzi (pick). Ndiyo maana miaka ilivyokwenda likatoboka tundu la pili. Kwenye albamu hii utalitambua bila shida: sauti yake ni ya mviringo, inakatika upesi, na kila noti inaingia kana kwamba mpigaji ameifikiria kidogo kwanza.

Tuanze na upande wa mke.

Kila kitu kinafunguliwa na wimbo mdogo wa kiunganishi, mistari michache tu inayosema mambo haya yana awamu na hatua, yanazunguka, na sote tumekwisha kuyaona. Kiunganishi hiki kinarudi mara kadhaa katika albamu nzima. Kazi yake ni ya msimulizi: kinafunga tukio moja na kufungua lingine. Mara ya kwanza kinaingia moja kwa moja kwenye "Washing the Dishes", na hapo ndipo Nelson anapoonyesha ustadi wake wa mtunzi. Hakuna ugomvi wala mlango unaobamizwa. Kuna mwanamke anayeosha vyombo, anayesugua sakafu, anayefua mashati ya mtu asiyemjali tena, na kwenye kola za mashati hayo kuna madoa mekundu. Halalamiki, isipokuwa kwa ajili ya yale madoa. Polepole anajifunza kuchukia kazi zilezile alizokuwa akizifanya kwa mapenzi. Kisa kizima cha usaliti kimo ndani ya doa la rangi ya mdomo kwenye kola, na neno la usaliti lenyewe halitamkwi hata mara moja. Wimbo wenyewe ni mfupi, unachangamka kuliko maneno yake, na mkato huo unaufaa. Mtunzi asiye na uzoefu angeutia machozi mpaka ukafurika.

"Walkin'" ndio moyo wa upande huu. Sasa mke anaongea mwenyewe, na anaongea kama mtu aliyekaa chini akapiga hesabu. Amelitazama jambo lote kwa makini, mgongo uko ukutani, na amefikia uamuzi: kutembea ni bora kuliko kukimbia, na kutambaa hakufai kabisa. Hapa pana tofauti kubwa na kantri nyingine ya miaka ile. Mwanamke wa wimbo wa Tammy Wynette wa mwaka 1968 alihimizwa asimame na mumewe. Loretta Lynn alikuwa tayari ameimba mwaka 1972 jinsi jamii inavyomwangalia mwanamke aliyeachika, kwa hiyo Nelson hakuwa wa kwanza kumtazama mke kama mtu mwenye akili zake. Alichoongeza ni utulivu. Mke huyu hana hasira ya kuonyesha watu. Anakiri kwamba alikuwa akijidanganya mwenyewe muda wote, na anaahidi kwamba kabla mume hajaamka atakuwa ameshaondoka. Msikilize Beckett kwenye kinanda: anajibu mwisho wa mistari, haingii katikati. Wimbo huu ukiupiga kwa kasi zaidi unakufa, na wanaojaribu kuuiga huanguka hapohapo.

"Pretend I Never Happened" ni barua ya kuaga. Jifanye sikuwahi kutokea, nifute akilini mwako, hutataka kukumbuka penzi baridi kama langu. Waylon Jennings, mwimbaji mwenzake wa kantri, alikuwa ameshauimba kabla, mwaka 1972, na kwa sauti yake nzito ulikuwa wimbo wa mwanamume mgumu anayejiendea zake. Nelson ameuchukua wimbo wake mwenyewe, hakubadili neno la maana, akauweka mdomoni mwa mke aliyechoka, na maana yote imegeuka. Ubaridi anaousema hauonekani tena kuwa majigambo. Anajisingizia yeye ubaya ili mwenzake aondokewe na uchungu upesi. Hii ndiyo faida ya albamu yenye kisa: wimbo uliokwisha kuzoeleka unasikika kama mpya kwa sababu tu ya wimbo uliotangulia.

Kisha mke anafika kwa mama yake. "Sister's Coming Home" imeandikwa kwa jicho la mtu wa nyumbani, huenda ndugu yake. Dada anarudi, mama atamwacha alale kutwa nzima, na kioo kitamwambia amekuwa mbali kwa muda gani. Hakuna anayemhoji wala kumpa nasaha. Msikilizaji yeyote aliyewahi kuona binti wa watu akirudi nyumbani na sanduku lake anajua thamani ya mama anayefunga mdomo na kuandaa kitanda. Halafu ngoma zinaamka, na dada huyohuyo yuko kwenye baa ya pembeni ya mtaa akicheza rock and roll, suruali yake ya jinzi ikiwa imembana kidogo kuliko zamani. Hicho kijimstari cha jinzi kinastahili kusikilizwa mara mbili. Kinasema miaka imepita, mwili umebadilika, na mwenyewe hana habari, anacheza. Nyimbo nyingi za kujikwamua humfanya mwanamke asimame juu ya jukwaa na kutangaza kwamba yeye ni jasiri. Huyu analala, kisha anacheza, na tunaona wenyewe kwamba anapona.

Upande unafungwa na "How Will I Know I'm Falling in Love Again". Anapenda tena, na anaogopa. Nitajuaje? Kama nitashinda au nitashindwa, nitajuaje? Nelson anauimba kwa sauti ya chini, karibu na kipaza sauti, na stili ya Hughey inabaki nyuma. Mtunzi angeweza kumpa mke ushindi mwishoni. Amempa swali, na upande wa kwanza unaishia hapo.

Hapa simama. Kwenye santuri ungelazimika kuinuka ukaigeuze, na ile nusu dakika ya kuinuka ilikuwa sehemu ya mpango. Kwenye simu wimbo unaofuata unarukia hewani bila hodi, na msikilizaji asiye na habari anadhani bado ni mke anayeimba. Bonyeza kitufe cha kusimamisha mwenyewe baada ya "How Will I Know".

Upande wa pili unaanza ndani ya ndege. "Bloody Mary Morning" ni mume anayetoka Los Angeles kwenda Houston asubuhi, mkononi ana kinywaji cha vodka na juisi ya nyanya, mkewe ameondoka usiku bila kumwambia. Ndege inasogea kuelekea njia ya kurukia, nje kuna moshi na ukungu wa mji, na yeye anajiona mtoto wa shamba aliyekuwa anajifunza kwamba mashimo ya mjini ni ya kweli. Nelson alikuwa ameurekodi wimbo huu kabla, kwenye albamu ya mwaka 1970, lakini hii ndiyo rekodi iliyoupa maisha. Unakwenda mbio, fidla na magitaa vinafukuzana, na Hawkins anaushika mwendo bila kutetereka. Hapo ndipo wasikilizaji wengine hupotea. Wanasikia wimbo wa kuchangamka, wanapiga vidole mezani, wanadhani mume anafurahia safari. Maneno yanasema kinyume: ametwaa pombe asubuhi ili asahau, na kasi ya muziki ni kasi ya mtu anayekimbia. Kumbuka mke alisema nini kuhusu kutembea na kukimbia, ndipo utaona Nelson amemweka mume upande gani wa sentensi ile.

"No Love Around" inapita bila kuacha alama. Mume anarudi nyumbani, hakuna mtu, hakuna mapenzi. Tumeshaambiwa. Ni wimbo wa baa ulio safi kimuziki, lakini kisa hakisogei, na kama albamu hii ina mahali pa kwenda kuchemsha chai, ni hapa.

"I Still Can't Believe You're Gone" ni jambo jingine. Huzuni yake ni kubwa kuliko talaka, na sababu inajulikana: Nelson aliutunga baada ya mke wa Paul English, mpiga ngoma wake wa miaka mingi na rafiki yake wa karibu, kujiua. Ni wimbo wa msiba uliowekwa ndani ya kisa cha kuachana. Je, unakaa? Kimantiki unalegalega kidogo, maana mke wa kisa hiki hajafa, yuko baa anacheza. Lakini ukiusikia kwa masikio ya mume haukosei hata kidogo, kwa sababu aliyeachwa bila kuagwa huomboleza vilevile, akitazama vitu vilivyobaki na kuuliza alikosea wapi. Nelson anachelewa nyuma ya mapigo kuliko kawaida yake, kana kwamba kila mstari unamgharimu kuutoa, na wapigaji wanamwacha achelewe.

Mtindo huo wa kuchelewa unahitaji neno. Wasikilizaji wapya hulalamika kwamba Nelson "hayuko ndani ya wimbo". Yuko. Anaanza mstari baada ya pigo ambalo ulitarajia aanzie, anayabana maneno ya katikati, na anafika mwisho wa mstari pamoja na bendi. Jaribu hivi: piga kidole mezani na ngoma ya Hawkins, usimfuate mwimbaji. Baada ya mistari michache utasikia jinsi sauti inavyokwenda na kurudi juu ya mapigo yasiyobadilika. Siri iko kwa mpiga ngoma: akimfuata mwimbaji anayechelewa, wimbo wote unapoa. Hawkins hamfuati.

"It's Not Supposed to Be That Way" ndio wimbo bora wa upande wa mume, na ndio wenye utata zaidi. Maneno yake yanasikika kama ya mzazi kwa mtoto. Haikupaswa kuwa hivi, ulipaswa kujua kwamba nakupenda, na kama watoto wengine nawe utaota ndoto zako, ila chunga unachokiota, la sivyo ndoto ndizo zitakazokuota wewe. Ukiusikia kama maneno ya mume kwa mke, unagundua kasoro ya ndoa hii bila kuambiwa: alikuwa akimpenda mkewe kama mtu anayemlea na kumwongoza, si kama mwenzake. Yeye mwenyewe anasema kwamba mapenzi hayo hayana kazi ikiwa hawezi kuwapo ili amdhibiti. Ukiusikia kama maneno ya baba kwa binti, inaingia habari ambayo albamu haiitaji popote pengine, kwamba talaka huwa na watu wa tatu ndani yake. Tafsiri zote mbili zinasimama. Waylon Jennings aliuchukua wimbo huu mwaka huohuo wa 1974 kwenye albamu yake This Time, na hapo, ukiwa peke yake, ni wimbo mzuri wa huzuni tu. Utata wake unatokana na mahali ulipowekwa hapa.

"Heaven and Hell" unarudisha mchezo: mara pepo, mara jehanamu, mara hata sijui. Fidla ya Gimble inaleta ladha ya kumbi za dansi za Texas, na mume anaanza kuzungumza kama mtu aliyeacha kuhesabu. Kisha kiunganishi, halafu "Pick Up the Tempo". Watu wanasema anaishi kwa kasi, hatafika mbali, muda utamfundisha. Yeye anajibu kwamba mapigo yalipaswa kwenda kasi zaidi kidogo, anamlaumu mpiga ngoma kwa kuburuza, na anasema muda uachwe ujitunze. Kiunganishi kinapita mara ya mwisho na albamu imekwisha.

Linganisha miisho miwili. Mke amelala, amecheza, amependa tena, na ana swali linaloelekea mbele. Mume ameruka, amekunywa, ameomboleza, na sasa anaomba bendi iongeze kasi. Yeye ndiye mwenye nyimbo zinazoshangiliwa ukumbini, na ndiye ambaye hajafika popote. Mtunzi mwanamume aliyevunja ndoa mbili amempa mwanamke upande wa kwanza, amempa na uponyaji kamili, halafu akajiandikia mwenyewe upande wa mtu anayekwepa. Hasemi nani mwenye makosa. Mpangilio unasema. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuitafuta albamu hii hata kama una nyimbo zake tatu au nne kwenye mkusanyiko wa "nyimbo bora".

Kasoro zipo. Mbali na "No Love Around", kiunganishi kinarudi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mara mbili za mwanzo kinafanya kazi. Baadaye msikilizaji ameshaelewa. Sauti ya mke pia ni sauti ya Nelson mwanzo hadi mwisho, na mara chache, hasa kwenye "Pretend I Never Happened", unatamani mwimbaji wa kike angeingia. Na kwa Wakenya waliokulia na redio ya Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers, sauti yenyewe inaweza kuwa kikwazo. Nelson anaimba kwa pua, hana ule ulaini wa Reeves unaoteleza kama mafuta. Vipindi vya salamu navyo hupiga wimbo mmojammoja, jambo linaloifaa kantri nyingi na lisiloifaa hii hata kidogo.

Sasa mambo ya ununuzi na usikilizaji.

Kwenye programu za muziki za simu, ukishazima kitufe cha kuchanganya, ingia kwenye mipangilio uangalie kile kipengele cha kuunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine kwa kufifisha. Kiweke sifuri. Kikiwa sekunde tano au zaidi kinakula mwanzo wa kiunganishi na mwisho wa wimbo uliotangulia, yaani kinaharibu mishono ambayo Wexler aliishona kwa mkono. Kama kuna kipengele cha kupiga bila mwanya kati ya nyimbo, kiwashe. Kuhusu bando, kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde kila dakika inakula takribani megabaiti 1.2, kwa hiyo albamu nzima haifiki megabaiti 50. Kwa kilobiti 320 zidisha mara mbili. Pakua mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi kuliko kuifungua upya kila siku kwa bando.

Usihukumu rekodi hii kwa spika ya simu. Uzi mnene wa besi unatoa noti ya takribani hezi 41, na spika ndogo ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti za chini namna hiyo. Kinachobaki ni pua ya mwimbaji na fidla, na "Walkin'" inageuka kuwa wimbo mkavu. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha.

Santuri ya zamani inahitaji uangalifu zaidi. Kwa mzunguko wa mara 33 na theluthi kwa dakika, mfereji wa nje hupita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kwa sekunde, na ule wa ndani karibu na lebo kwa karibu sentimita 20 tu. Habari ileile ya sauti imebanwa mahali padogo, na uchakavu husikika huko kwanza: herufi za "s" zinakuwa na mikwaruzo, sauti inapasuka. Kwa bahati mbaya, wimbo wa ndani kabisa wa upande wa kwanza ndio ule mpole kuliko yote, "How Will I Know", ambao hauna kishindo cha kuficha kelele. Kwa hiyo muuzaji akikupigia "Bloody Mary Morning" ili kukuonyesha santuri ni nzima, mshukuru, halafu umwombe ashushe sindano kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Huo ukiwa safi, yaelekea nyingine za upande huo nazo ni safi. Inamishe pia santuri usawa wa jicho uone kama imepinda. Zilizokaa kwenye gari au dirishani juani hupinda, na kuinyoosha nyumbani kwa kuikandamiza na vitabu mara nyingi hakurudishi chochote. Mashine yenye mkono mzito huzimaliza haraka. Sindano nyingi za leo zinataka uzito wa gramu 1.5 hadi 2, na anayeongeza sarafu juu ya kichwa ili isiruke anakata mifereji.

Mwaka 2006 lebo ya Rhino ilitoa kasha la The Complete Atlantic Sessions lenye CD tatu: Shotgun Willie ya 1973, albamu hii, na onyesho la moja kwa moja la ukumbi wa Texas Opry House, pamoja na matoleo mengine ya nyimbo yaliyoachwa studio. Ni zuri kwa anayetaka kujua jinsi nyimbo zilivyobadilika kabla ya kukubaliwa, lakini lina mtego mmoja: kwenye diski ya Phases and Stages, matoleo ya ziada yanafuata baada ya albamu kwisha. Usipoangalia, kisa kinaishia kwenye "Pick Up the Tempo", kisha kinaanza kujirudia bila mpangilio. Zima diski hapo, yale mengine yasikilize siku nyingine.

Atlantic walifunga idara yao ya kantri ya Nashville mwaka huohuo wa 1974. Nelson akahamia Columbia, akapewa uhuru wa kurekodi apendavyo, na mwaka 1975 akatoa Red Headed Stranger, nayo ya kisa kimoja mwanzo hadi mwisho, iliyomfanya nyota. Wengi huanza na hiyo, na haina ubaya: ni kavu zaidi, vyombo vichache, rahisi kufuatilia. Ila mke wa kisa kile hapewi nafasi ya kusema neno. Mwenye pesa ya CD moja tu, akitaka kusikia habari za mapenzi na kuachana, anunue Phases and Stages ya kawaida isiyo na nyongeza.